Sufuria ya Shule na Msitu wa Kigwena



Siku hizi katika shule nyingi za pwani yetu, kutoka Rumonge hata Nyanza-Lac, kuna vyama vya wanafunzi vya kulinda miti, maji na chakula. Mimi ni mwanachama, wala sina nia ya kukivunja moyo chama chetu. Twaimba, twatembea barabarani na vibao vyenye maneno mazuri, twapanda miti mbele ya wageni, twapigwa picha, kisha twarudi darasani tumeridhika. Lakini nina neno moja nataka kulisema katika ukurasa huu, na nawaomba mlisikilize hata mwisho kabla ya kukasirika.

Neno lenyewe ni hili. Kazi yetu haina budi ianze katika sufuria ya shule, katika mtungi wa maji wa shule, na katika jalala la shule. Tukisha kutengeneza hapo, ndipo tutakapopata kinywa cha kusema na wanakijiji. Mwanafunzi anayemkataza mama wa Kigwena kukata kuni, na mchana akala maharagwe yaliyopikwa kwa kuni zile zile, huyo hana hoja. Wahenga walisema, Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Kwa faida ya wasomaji walio mbali, nitaeleza kwanza Kigwena ni nini. Ukitoka mji wa Rumonge kwenda kusini kwa njia ya Nyanza-Lac, ziwa liko mkono wako wa kulia na milima mkono wa kushoto. Kati yake ni nchi tambarare nyembamba, na karibu yote imejaa michikichi, mihogo na nyumba za watu. Katikati ya hayo umebaki msitu wa miti mirefu ya asili, wenye tumbili na ndege wengi. Huo ndio msitu wa Kigwena. Hapo kale misitu ya namna hii ilifunika sehemu kubwa zaidi ya nchi hii ya ziwani. Leo huu uliobaki haufiki hekta 1,000. Ni hifadhi ya serikali, na ofisi iitwayo OBPE ndiyo iliyopewa kazi ya kuulinda. Lakini mlinzi hawezi kusimama chini ya kila mti usiku na mchana. Msitu hulindwa na watu wanaoishi kando yake, au haulindwi kabisa.

Huenda mtu akauliza, msitu mdogo kama huo una faida gani? Faida yake ya kwanza ni udongo na maji. Mvua ikipiga ardhi yenye miti, majani huipokea, mizizi huinywa, na maji hushuka polepole chini ya ardhi mpaka kwenye chemchemi. Ikipiga ardhi iliyo wazi, maji hukimbia juu juu na kuchukua udongo wenye rutuba, huupeleka mtoni, na mto huupeleka ziwani. Kila mtu aliyesimama ufukoni baada ya mvua kubwa ameona jinsi maji ya kando yanavyogeuka rangi ya kahawia. Rangi ile ni mashamba yetu yanayosafiri. Nao udongo ukifika ziwani hufunika mawe ya kandokando, mahali ambapo samaki wadogo hula na kuzaa.

Tena ziwa letu si kama mto uoshao uchafu wake wenyewe. Kina cha Ziwa Tanganyika chafika mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Nchi 4 zimeligawana, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na fungu la Burundi ni karibu sehemu 8 katika 100 tu. Mto mmoja tu, Lukuga, ndio utoao maji yake, nao waelekea upande wa Kongo. Kwa hiyo maji ya ziwa hukaa humo mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Uchafu tunaoutupa leo, wajukuu wetu watauona. Kwa sababu hiyo nchi hizo 4 zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja, mjini Dar es Salaam, mwaka 2003.

Mwaka huo huo wataalamu walichapisha habari za kuhuzunisha. Waliona kwamba ziwa limepata joto zaidi kuliko zamani, na kwa ajili hiyo maji ya juu hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye chakula cha viumbe vidogo. Walikadiria kuwa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki wote, imepungua kwa sehemu kama 20 katika 100, na kwamba mavuno ya samaki huenda yakapungua kwa sehemu kama 30 katika 100. Dagaa, ambao sisi twawaita ndagala, na mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, ndio nyama ya maskini katika pwani hii. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika sehemu yake ya ziwa kwa miezi 3, toka Mei 15 hata Agosti 15, ili samaki wapate kuzaa. Serikali haifungi uvuvi kwa mchezo. Mambo yamekuwa mazito.

Joto la ziwa halikuletwa na wanafunzi, wala hatuwezi kulipunguza kwa nyimbo. Lakini kuni zetu, maji yetu, bustani yetu na takataka zetu, hizo zi mikononi mwetu. Na tuanze na kuni.

Nimefanya zamu ya jikoni mihula mitatu, kwa hiyo nasema nililoliona. Katika shule nyingi za bweni sufuria kubwa hutegwa juu ya mafiga matatu, katika kibanda kilicho wazi. Upepo wa ziwani ukivuma, ndimi za moto hutoka pembeni na kupasha joto ukuta, na mpishi hulazimika kuongeza kuni ili maharagwe yachemke. Maharagwe yenyewe hutiwa jikoni makavu, nayo huchukua saa nyingi. Sufuria haina kifuniko kinachokaa sawa. Kuni huletwa na akina mama vichwani. Siku moja nilimwamkia mama mmoja nikamwuliza kwa adabu kuni zake zimetoka wapi. Naye akaniuliza kama shuleni kwetu maharagwe yaiva kwa jua. Sikupata la kumjibu, na tangu siku ile nimekuwa nikifikiri habari hii. Shule yenye mamia ya watoto, inayopika kila siku ya muhula, yala kuni kuliko nyumba nyingi za kijiji zikiwekwa pamoja. Na kuni hazina cheti cha kuzaliwa. Hatuwezi kujua kama mzigo huu umetoka katika shamba la mtu au katika hifadhi.

Basi tufanye nini? Jambo la kwanza halina gharama hata kidogo, nalo ni kuloweka maharagwe usiku kucha. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi zaidi, na kazi yenyewe ni ya vijana wawili na ndoo chache baada ya chakula cha jioni. La pili ni kifuniko kizito kinachokaa sawasawa. La tatu ni kupasua kuni nyembamba na kuzikausha juani, kwa maana kuni mbichi hutumia nusu ya moto wake kujikausha zenyewe, na nusu nyingine kumliza mpishi.

Jambo la nne ni jiko lenyewe. Jiko zuri la shule lina mdomo mdogo wa kutilia kuni, bomba la kutolea moshi, na ukuta unaoizunguka sufuria ili moto upande ubavuni mwake badala ya kutoroka nje. Likijengwa vizuri, huweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa hufaa sana kwa kazi hii. Tujihadhari tu tusijenge kwa matofali ya kuchoma tuliyoyachoma kwa kuni nyingi, kwa maana hapo tutakuwa tumekopa kwa mlango mmoja na kulipa kwa mwingine.

Jambo la tano laihusu hasa pwani hii ya mawese. Baada ya mafuta kukamuliwa, hubaki nyuzi na maganda ya mbegu za chikichi, navyo huwaka vizuri sana. Mashuke matupu ya chikichi nayo, yakitandazwa shambani au kuozeshwa, ni mbolea njema. Katika mashine nyingi ndogo za kukamulia watu hutumia sehemu ya makapi hayo kuwashia moto, lakini mengine hutupwa. Kwa nini shule isifanye mapatano na majirani wenye mashine, iyachukue yale yasiyohitajiwa? Huku ni kutumia kilichoko mlangoni.

Sasa nije kwenye maji. Ugonjwa wa kipindupindu hurudi pwani yetu mara kwa mara, na sababu yake haifichiki. Watu wengi huchota maji ziwani, na wengine hujisaidia karibu na maji. Ziwa lilipanda mno mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu huko Gatumba na Rumonge. Maji yakiingia nyumbani, yameingia na chooni. Ndipo twaambiwa, na ni kweli, kwamba yatupasa kuchemsha maji ya kunywa. Lakini tazameni jinsi mambo haya yalivyofungamana. Kuchemsha maji kwataka kuni, na kuni zatoka msituni. Mama maskini akiambiwa asikate kuni, tena achemshe maji, ameambiwa maneno mawili yasiyoweza kukaa katika nyumba moja.

Hapo ndipo elimu yetu ya darasani ingefaa. Tumesoma kuwa jua huua vijidudu. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijaze maji, uiweke juani kwa saa 6 kamili. Siku za mawingu uiache siku 2. Maji hayo yatakuwa yamepona vijidudu vingi viletavyo maradhi ya tumbo. Sharti lake ni kwamba maji yawe maangavu. Ukitaka kujua, simamisha chupa juu ya ukurasa wa gazeti na utazame kutoka juu. Ukiweza kusoma herufi kupitia maji, yatosha. Usipoweza, yachuje kwanza. Nayo kazi ya kuchuja si ya kudharauliwa. Katika vijiji vya Bangladesh wataalamu waliwafundisha wanawake kuchuja maji ya mtoni kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 kipindupindu kilipungua karibu nusu. Mahali palipo na dawa ya klorini, dawa ni bora. Lakini mahali pasipo na dawa wala kuni, jua la Rumonge halina bei.

Tena kuna maji tunayoyaacha yapotee juu ya vichwa vyetu. Hesabu hii ni ya mtoto wa darasa la sita. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita mraba 160. Mvua moja ya milimita 20 yatupa lita 3,200, yaani bidoni 160 za lita 20. Hata kama sehemu itapotea, bado ni bidoni nyingi kuliko ambazo wasichana wa kijiji huweza kuchota kwa siku nyingi. Nasi twayaacha maji hayo yamwagike, yachimbe mfereji uani, yachukue udongo, yaende ziwani. Kinachohitajiwa ni mifereji ya bati chini ya paa, tangi lenye kifuniko, na mtoto mwenye zamu ya kumwaga maji ya kwanza ambayo huosha vumbi na mavi ya ndege.

Kwa habari ya kunawa mikono, mnakijua kibuyu chirizi: bidoni ndogo yenye tundu, iliyotundikwa kwenye mti, na kamba ya kukanyaga kwa mguu. Kando yake sabuni. Sisi watu wa pwani ya mawese hatuna udhuru wa kukosa sabuni, maana mafuta yetu ndiyo yatengenezwayo sabuni. Ni aibu choo cha shule kikose kile ambacho mashamba ya jirani hukizaa.

Tukija kwenye chakula, sisemi kwamba bustani ya shule itailisha shule nzima. Hilo ni neno la kujitapa. Lakini lengalenga, sombe, vitunguu, nyanya na mapapai vyaweza kuibadili sahani ya maharagwe na ugali ikawa chakula kamili, hasa samaki wanapokuwa ghali. Mbolea ipo: maganda ya jikoni, majivu, majani, na mashuke ya chikichi niliyoyataja. Maji ya kunawia yaweza kumwagilia migomba. Mahali penye mteremko tuchimbe mitaro ya kukinga maji, na kingo zake tupande majani marefu ambayo mifugo hula. Mzazi akija shuleni na kuona bustani ya kijani wakati wa kiangazi, ataondoka na mbegu mfukoni bila kuhubiriwa.

Na jalala? Amri ya mwaka 2018 ilikataza mifuko ya plastiki katika Burundi, watu wakapewa muda wa kujitayarisha. Amri ni njema, lakini tembeeni ufukoni mkaone chupa na nailoni. Sehemu ya taka hizo zatoka kwetu. Tutenganishe vitu vitatu: kiozacho kiende shimo la mbolea, chupa safi ziende kwenye kazi ya maji ya jua, na kilichobaki kisiende mtoni kamwe.

Wengine watasema kwamba nataka kuifanya shule iwe shamba, na kwamba vijana hawana nguvu ya kubadili nchi. Nitawajibu kwa mambo yaliyotokea karibu nasi. Mnamo Julai 1960 Jane Goodall, binti wa Kiingereza, alifika Gombe, katika pwani hii hii ya ziwa, kusini kidogo ya mpaka wetu, kuwachunguza sokwe. Miaka 30 baadaye alitazama kutoka katika ndege akaona kwamba nje ya hifadhi yake ndogo milima imebaki mitupu. Akatambua kuwa hakuna awezaye kuwalinda sokwe wakati majirani wao wana njaa. Mwaka 1994 taasisi yake ilianza kazi katika vijiji vile, na jambo kubwa katika kazi hiyo lilikuwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wataka nini. Wao walitaja afya, na shule, na maji, na mashamba mazuri. Kazi ikafuata njia hiyo, na miti ikaja pamoja nayo.

Kabla ya hapo, mwaka 1991, wanafunzi 12 wa shule za Dar es Salaam walikutana barazani kwa mama huyo. Walikuwa wameudhika kwa mambo waliyoyaona kwa macho yao, kama vile uvuvi wa baruti baharini na watoto wasio na makao. Yeye hakuwaahidi kuwafanyia kazi. Waliambiwa wajikusanye na kuanza wao wenyewe. Kutokana na baraza ile kilizaliwa chama cha vijana cha Roots & Shoots, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Mama huyo alifariki Oktoba 2025, lakini vijana wanaendelea. Nani basi asema kwamba wanafunzi 12 ni wachache?

Na katika Kenya, Wangari Maathai alianza mwaka 1977 kuwafundisha wanawake kuotesha miche. Nawaomba mwangalie sana sheria yake moja: malipo madogo waliyopewa yalikuwa kwa mti uliopona, siyo kwa mti uliopandwa. Sheria hiyo ningependa iandikwe juu ya mlango wa chama chetu. Katika nchi yetu pia kuna siku za kupanda miti, na kazi za jumuiya za Jumamosi. Miche hupandwa kwa wingi wakati wa mvua. Lakini kiangazi kikifika, kuanzia Juni hata Septemba, nani huimwagilia? Wanafunzi tumekwenda likizo, na mbuzi hawana likizo. Hesabu ya kweli ya chama ni ile ya Septemba. Tukipanda miche 50 na ikapona 45, tumefanya kazi kuliko aliyepanda 1,000 na kuiacha ife.

Lipo pingamizi lingine, nalo ni zito kuliko hayo. Huenda mtu akasema: wewe mwenye kalamu wasema habari ya msitu, lakini watu hawana mashamba. Ni kweli. Pwani hii ina watu waliokimbia mwaka 1972, na wengine tangu 1993, wakakaa Tanzania na Kongo miaka mingi, na waliporudi baadhi yao walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Nchi ni ndogo na watu ni wengi. Mtu mwenye watoto 6 na kipande cha ardhi kama uwanja wa mpira, akiutazama msitu wa Kigwena, huona shamba lisilolimwa. Simlaumu. Lakini namwomba afikiri hili: msitu ule ukigawanywa leo, watapata mashamba watu wachache, kwa muda wa miaka michache, kisha watoto wao watakuwa hawana msitu wala shamba la kutosha. Njaa ya Kigwena haitaponywa na hekta hizo. Itapunguzwa na kuni zinazotumika vizuri, udongo unaobaki mahali pake, maji yasiyoua watoto, na mavuno makubwa zaidi katika kipande kile kile. Hizo ni kazi ambazo shule yaweza kuzionyesha.

Naam, kuzionyesha. Ndiyo maana nasema tuanze nyumbani. Sufuria yetu ikishaiva kwa nusu ya kuni, tutamwita yule mama anayetuletea mizigo, tutamsalimu kwa heshima, tutampa kiti, na kumwonyesha jiko. Hatutamwambia kwamba yeye ni adui wa msitu. Tutamwuliza kama angependa tumjengee dogo kama lile nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, kwa udongo wa kwake na mikono yetu. Na kwa kuwa kuni ndizo riziki yake, tukimpunguzia mauzo yatupasa pia kununua kwake kitu kingine: lengalenga, miche ya matunda, au makapi ya chikichi. Kinyume cha hapo tutakuwa tumeuokoa mti na kumtupa mtu.

Wengine watacheka kwamba jiko na kuchota maji ni kazi za wanawake. Mwanamume anayekula maharagwe hana haki ya kuudharau moto ulioyaivisha. Na yule anayesema kwamba tumekuja kusoma tu, na asome: jiko ni fizikia, maji ya jua ni biolojia, paa ni hesabu, na kumsalimu mama yule ni uraia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa wanachama natoa shauri moja la kuanzia. Muhula ujao, kwa majuma mawili, tupime kuni zote zinazoingia jikoni kwa mizani ya kukopa dukani, na kuandika hesabu katika daftari. Kisha tuanze kuloweka maharagwe na kuziba upepo, na kupima tena majuma mawili. Hesabu zote mbili tuzibandike penye ubao wa matangazo, zikiwa nzuri au mbaya. Tukiona tofauti, tutakuwa na ushahidi wa kuwapelekea walimu na wazazi tunapoomba jiko jipya. Mtu hukataa ombi kwa urahisi. Hesabu hukataliwa kwa shida.

Nanyi wakubwa wetu, mliosoma hapa na sasa ni waashi, wauguzi, wavuvi, wafanya biashara na walimu huko Bujumbura, Kigoma, Uvira na kwingineko, hatuwaombi hotuba siku ya sherehe. Mmoja wenu ajuaye uashi atupe siku mbili za jiko. Mwingine atupe mabati ya mfereji. Muuguzi aje atufundishe namna ya kutia dawa maji kwa kipimo. Na yeyote akaaye jirani, atuangalizie miche wakati wa likizo ya kiangazi, kwa maana hapo ndipo tunapokosa watu. Haba na haba hujaza kibaba.

Msitu wa Kigwena haututazamii tuuimbie. Wataka tupunguze mizigo ya kuni inayopita katika lango letu. Na tuifanye kazi hiyo sisi wenyewe, mwaka huu, tukingali hapa.

Mwanafunzi wa Zamu ya Jikoni